Daktari wa Kuitikia

Chumba cha kliniki ya saratani kilikuwa na viti vinne, na kila mfanyakazi wa hospitali ile ya misheni, nje kidogo ya mji wa Machakos, alijua kiti cha nne kilikuwa cha nini. Cha kwanza kilikuwa cha Daktari Nthambi Muoki mwenyewe, chenye mto mgongoni kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Cha pili kilikuwa cha mgonjwa, cha tatu cha mume wa mgonjwa. Cha nne kilikaa karibu na dirisha bila mtu, mpaka mume atazame mlangoni mara mbili tatu, akohoe kidogo, kisha aulize kwa adabu zake zote daktari atafika saa ngapi.

Hapo Daktari Nthambi angemgeukia Pili, muuguzi wake, na kumwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza pamba, "Niitie wa kuitikia."

Pili angekwenda wodini na kurudi na Daktari Justus Wambua. Justus alikuwa mrefu, mvi zilimwota kabla hajafika arubaini, na Mungu alimpa sauti nzito ambayo mapadri wawili wa pale walimwonea wivu waziwazi. Angeingia akipangusa mikono, aketi kwenye kiti cha nne, akunje miguu. Daktari Nthambi angerudia yote aliyokwisha kuyasema: uvimbe, kipande kilichopimwa Nairobi, majibu, titi lazima litolewe na litolewe upesi. Mume angemsikiliza mara hii ya pili bila kumtazama hata kidogo. Macho yangekuwa kwa Justus.

"Ni kweli, daktari?"

"Ni kweli," Justus angesema, akitikisa kichwa taratibu.

Basi. Mume angeomba kalamu. Sheria haikumtaka mume aweke sahihi, mwanamke mzima angeweza kujiwekea mwenyewe. Lakini desturi ya mahali pale ilikuwa na nguvu kuliko sheria, na mke aliyepasuliwa bila mume kukubali hakuwa na pa kurudi. Justus angeinuka, awatakie heri, arudi kwenye chai yake kabla haijapoa.

Ieleweke vizuri, kwa sababu huko vijijini hakuna aliyeielewa. Justus hakuwahi kumtoa mwanamke titi. Alikuwa daktari wa wodi, hodari kwa homa za watoto na vifua vya wazee, na kisu alikishika mara ya mwisho akiwa mwanafunzi, chini ya jicho la huyohuyo Daktari Nthambi, ambaye alimwambia kwa upole kwamba labda mikono yake ilikusudiwa kazi nyingine. Aliyepasua ni Nthambi. Aliyechanganya dawa za mishipani ni Nthambi, dirisha likiwa wazi na kitambaa kimefungwa usoni, maana hapakuwa na chombo cha kumkinga na mvuke wake. Aliyekaa na akina mama wakitapika ni Nthambi na Pili. Lakini waliopona walirudi makwao Kathiani na Mwala na Masii wakisema wametibiwa na yule daktari mrefu mwenye mvi, na wakati wa mavuno walimletea Justus mapapai na kuku. Justus hakuwa mtu mbaya. Kila papai alilikata katikati na nusu kumpelekea Nthambi, na kuku mmoja mmoja pia.

Alianzaje mwanamke mwenye kichwa kigumu kama huyu kukubali upuuzi kama ule? Alianza kwa sababu ya Mwikali.

Mwikali alikuja miaka minane nyuma, mwaka wa tisini na sita, akiwa na kijivimbe kidogo kama punje ya hindi. Mumewe aliuliza daktari yuko wapi. Nthambi, ambaye wakati ule alikuwa bado na pumzi, akasema, "Mimi ndiye daktari." Mume akatabasamu kama mtu aliyeambiwa mzaha, akauliza tena. Nthambi akapandisha sauti. Alitaja vyuo alivyosoma na miaka aliyokesha; alisema hakuna daktari mwingine na hatakuwepo mwingine. Mume akamshika mkewe mkono, wakaenda zao, na baada ya mwaka mmoja Mwikali akarudishwa na dada zake, kifua kimefungwa kwa leso tatu na harufu imemtangulia mlangoni. Hakukuwa na la kufanya. Nthambi alimpa dawa ya maumivu na kukaa naye hadi mwisho.

Siku ya mazishi alikata kauli. Hatapigania tena jina lake kwa titi la mtu mwingine. Mume mwingine alipouliza daktari yuko wapi, Nthambi alimwita Justus, aliyekuwa anapita tu nje ya mlango na faili kwapani. Justus akaketi, akatikisa kichwa, mume akatia sahihi, mwanamke akapona. Ilikuwa rahisi hata ikaudhi. Na jambo likishakuwa rahisi kazini, mtu akiwa na wagonjwa foleni hadi nje na siku moja tu kwa wiki ya chumba cha upasuaji, nani analiacha?

Ndivyo ilivyokwenda hadi mwaka huu wa elfu mbili na nne, wafadhili walipojenga vyumba viwili vipya nyuma ya maabara, vyenye vigae, sinki, na kile chombo cha kuchanganyia dawa ambacho Nthambi alikiomba tangu mtoto wake wa mwisho yuko chekechea. Kungekuwa na kitengo kamili cha saratani. Kitengo kingekuwa na mkuu, na mkuu ndiye angeamua dawa gani zinunuliwe na kisu kifanye kazi siku ngapi. Nthambi aliutaka ukuu ule. Alizitaka siku mbili za upasuaji, maana kila wiki alichagua nani asubiri, na waliosubiri wengine hawakurudi. Na alilitaka jina lake mlangoni. Hakuona haya kulitaka. Hakumwambia mtu tu, kwa sababu hakudhani kuna la kumwambia mtu.

Jumanne hiyo mwenyekiti wa bodi alimwita ofisini. Mzee Masila alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, na alimkaribisha kwa heshima zote.

"Daktari, nilitaka usikie kutoka kwangu, sio kwa watu wa huko nje. Bodi imeona Daktari Justus ashike kitengo."

Nthambi alidhani hajasikia vizuri. "Justus yupi?"

"Justus wetu. Jina lake limeenea, Daktari. Mpaka Wamunyu huko wanamjua. Watu wakisikia yeye ndiye mkuu, watakuja. Hata dada yangu mimi, si yeye alimtibu?"

Dada yake Mzee Masila alilala mezani kwa Nthambi muda mrefu hata miguu ya Nthambi ikavimba ndani ya viatu vya mpira. Alikumbuka kila mshono.

"Mzee, dada yako nilimpasua mimi."

"Ee, ulisaidia, najua, na tunashukuru." Mzee alisema hayo kwa wema kabisa. Kisha akaegemea mbele. "Lakini hebu niambie ukweli kama mtu na dada yake. Mambo yakikaza pale kliniki, mzee wa mtu akikataa kusikia, wewe mwenyewe unamwita nani?"

Swali lilikuwa la haki. Kwa miaka saba alikuwa amemfundisha kila mume wa Ukambani kwamba daktari ni yule atakayeingia baadaye, na sasa bodi ilikuwa imesoma somo hilohilo na kulipasi.

"Alhamisi asubuhi tunakaa kuthibitisha," Mzee Masila akasema akimsindikiza mlangoni. "Kama uko na neno, kuja uliseme. Mlango uko wazi."

Alimkuta Justus katika chumba cha chai, peke yake, hanywi. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Sikuomba, Daktari. Haki ya Mungu. Waliniambia jana, nikasema si ni Nthambi, wakacheka. Walidhani ni adabu."

"Najua."

"Nitakataa."

"Ukikataa watasema tazama mtu asiyependa makuu, na watazidi kukutaka." Nthambi alivuta kiti akaketi. Hasira alikuwa nayo, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliyechoka, haikuweza hata kusimama. "Justus, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa nakuita. Kwa hiyo sikia: kuanzia leo usiniitikie tena. Nikikuita usije. Wakikuuliza ni kweli, nyamaza."

Justus alikuna mvi zake. Alionekana kama mtu aliyeambiwa arudishe kitu ambacho hakujua amekichukua. "Hata mgonjwa akienda?"

"Hata akienda," Nthambi alisema, na palepale akajua amesema kitu kikubwa kuliko nguvu zake.

Usiku ule alilala vibaya, na kesho yake asubuhi, kama kwamba kuna mtu aliyepanga kumjaribu, mgonjwa wa kwanza aliingia na mumewe.

Mwanamke aliitwa Kamanthe, mkulima wa Mitaboni, mwenye kiondo mapajani na macho yaliyotulia. Mumewe, Kilonzo, alipasua mawe machimboni huko Lukenya. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa kwenye mistari ya viganja vyake hata maji yalikuwa yameshindwa nalo. Majibu ya Nairobi yalikuwa mabaya, ila si mabaya sana. Kama titi lingetolewa wiki hii, Kamanthe angewaona wajukuu. Nthambi aliwaeleza taratibu, kwa Kiswahili kisha kwa Kikamba, akawachorea kwa kalamu. Kesho Alhamisi ndiyo siku ya upasuaji, akasema, na nafasi moja ipo.

Kilonzo alisikiliza vizuri. Kisha akatazama mlangoni.

Pili alisimama tayari kwenda. Nthambi hakumwambia kitu.

"Sasa, sista," Kilonzo akasema, "daktari mwenyewe ako wapi?"

"Ni mimi, nau," Nthambi alisema, akimwita baba kwa Kikamba. "Mimi ndiye daktari, na mimi ndiye nitakayempasua."

"Sikatai." Aliinua viganja vyake vyeupe. Hakuwa mjeuri, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu. Mtu mjeuri hugombezwa. Huyu alikuwa na hofu. "Lakini hata kule machimbo, mimi napasua, sawa, lakini kuna mkubwa anakuja anaangalia, anasema jiwe likatwe hapa. Bila yeye mtu anaharibu jiwe. Na hii si jiwe. Hii ni bibi yangu. Nataka tu kusikia kwa mkubwa."

"Hapa hakuna mkubwa juu yangu."

"Kule kwetu wanasema iko. Mrefu. Mwenye mvi."

Nthambi alihisi Pili anamtazama. Ingechukua dakika moja. Alifikiria mkutano wa kesho, akafikiria kiti cha Mzee Masila na lile swali lake la haki, akapiga moyo konde. "Huyo yuko na wodi yake. Hapa ni mimi."

"Basi tutarudi nyumbani tuongee na wazee," Kilonzo alisema na kuinuka. Kamanthe naye akainuka, akafunga leso yake vizuri, akaweka kiondo begani. Mlangoni aligeuka akamtazama Nthambi kidogo, kama mtu anayetazama sufuria aliyoiacha jikoni, kisha akatoka.

Pili alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mke wa watu kutoka familia ya wauza nguo mjini, Mwislamu wa siku nyingi Machakos, asiyejua kuficha mambo.

"Daktari, huyo harudi."

"Najua, Pili."

"Basi mimi nimesema tu."

Nthambi aliita mgonjwa mwingine, akampima, akaandika, na kama angeulizwa alichoandika asingejua. Alimwona Mwikali waziwazi, na leso zake tatu. Alijiambia kwamba safari hii ni tofauti, kwamba mtu lazima aanze mahali fulani, kwamba asipokataa leo atakataa lini. Maneno yote hayo yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia, kwa sababu saratani haikuwa na haja ya kujua nani ana haki. Aliweka kalamu chini, akamwomba radhi mama aliyekuwa mbele yake, akatoka nje na koti lake jeupe likipepea, yeye aliyewakataza wauguzi kukimbia.

Aliwakuta kwenye kibanda cha chai nje ya lango. Kilonzo alikuwa amemnunulia mkewe chai na mandazi, na Kamanthe alikuwa ameyashika tu mandazi yale bila kuyala.

"Ngojeni hapa," Nthambi alisema akihema. "Msiende. Tafadhali."

Justus alikuwa wodini, kando ya kitanda cha mtoto, anasikiliza kifua. Alipomwona mlangoni alivua kipimo masikioni na kutikisa kichwa, lakini kutikisa kwa kukataa.

"Ulisema nisije."

"Nilisema. Twende."

"Daktari, kesho ni bodi. Watu wakisikia leo umeniita tena—"

"Justus, nisikilize. Ni uvimbe mdogo. Anapona huyu. Twende ukaitikie."

Walikwenda. Kibandani Nthambi alieleza yote upya, mbele ya muuza chai na wateja wake wawili walioacha kutafuna ili wasikie. Justus alisimama kando, mrefu, mvi zikimetameta juani, na Kilonzo alipomwona uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni kweli, daktari?"

Justus alimtazama Nthambi kwanza. Alikuwa anangoja ruhusa, na Nthambi akampa kwa macho. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Ni kweli," Justus akasema, na sauti yake nzito ilikuwa chini kuliko siku zote.

Walipokuwa wanarudi ndani kutia sahihi, wanaume wawili mbele, Kamanthe alipunguza mwendo hadi akawa sawa na Nthambi.

"Mwaitu," alisema kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kikamba, "mimi nilikuamini tangu ulipochora. Lakini huyu ndiye narudi naye nyumbani."

"Najua," Nthambi alisema. Alimshika mkono, wakaenda hivyo hadi mlangoni.

Alhamisi asubuhi bodi ilikaa katika ukumbi mdogo wa parokia, watu watano kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, chupa ya chai na sahani ya biskuti. Mzee Masila alikuwa katikati. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Bi Nzilani wa ushirika wa akina mama, aliyestaafu ualimu na aliyejulikana kwa kusema anachofikiri. Nthambi alifurahi kumwona. Aliketi upande mmoja wa meza, na Justus akaketi viti viwili kutoka kwake, magoti yake marefu yamekosa pa kukaa.

Nthambi alikuwa ameandaa hotuba, lakini alipoinuka ilimtoka kichwani na hakuitafuta. Alisema mambo kama yalivyo. Kwamba kila mwanamke aliyetolewa titi au kizazi katika hospitali ile kwa sababu ya saratani alipasuliwa na yeye. Kwamba dawa alichanganya yeye. Kwamba alimwita Justus chumbani kwa sababu waume hawakutaka kumsikia, na kabla hajaanza kumwita, mwanamke mmoja alikufa. Kwamba hata jana alimwita. "Nilimkopa sauti yake," alisema, "na sasa nyinyi mnataka kumpa na kazi yangu. Sina ugomvi na Daktari Justus. Nataka kitengo kwa sababu ndicho nimekifanya miaka yote hii, na nataka siku mbili za upasuaji kwa sababu moja haitoshi. Nimechoka, wazee wangu. Sijachoka na kazi. Nimechoka kuifanya nikiwa nimejificha nyuma ya mtu."

Aliketi. Kwa muda mfupi alidhani wamesikia. Mzee Masila alikuwa amevua miwani. Bi Nzilani alikuwa ameegemea mbele, uso umejaa huruma, na yeye ndiye aliyesema kwanza. Alimgeukia Justus.

"Aiya. Daktari Justus, haya anayosema ni kweli?"

Vichwa vyote vitano viligeuka pamoja.

Nthambi alifumba macho. Alijua Justus anamtazama, anangoja ruhusa kama jana. Ingetosha ainue kidevu kidogo tu. Jana aliomba kwa ajili ya Kamanthe, na angeomba tena leo mchana kwa ajili ya mwingine, bila haya. Kuomba kwa ajili yake mwenyewe, kwamba yeye ni daktari, hakuweza. Akafumbua macho, akamtazama Justus, na akakaa hivyo bila kusogeza kitu.

Justus alinyamaza, kama alivyoagizwa. Alinyamaza hata ikawa vibaya. Mjumbe mmoja alianza kunong'ona, na Mzee Masila akaanza kutabasamu lile tabasamu la mtu anayeona mambo yamejimaliza yenyewe.

"Basi kama Daktari Justus hana la kuongeza—"

"Mimi siwezi kupasua titi," Justus alisema.

"Unasema?"

"Siwezi, mzee. Sijawahi." Jasho lilikuwa limemtoka kwenye mvi. Alisema akiitazama sahani ya biskuti, na ilikuwa wazi kwamba kila neno linamgharimu. "Dada yako sikumgusa. Nilikaa kwenye kiti nikasema ni kweli. Hiyo ndiyo kazi yangu pale, kusema ni kweli. Kuna mama anaitwa Kamanthe amelala sasa hivi anangoja kisu. Mkinipa mimi huyo mama leo, atafia mikononi mwangu. Mapapai ya watu nimekula. Siwezi tena."

Hakuna aliyegusa chai. Bi Nzilani aliweka mkono kifuani. Mzee Masila alimtazama Justus kwa muda mrefu, na katika uso wake wa kikaguzi kitu kilivunjika kisha kikajipanga upya. Alikuwa mtu wa haki, akishaamini jambo. Wakainamiana, wale watano, wakanong'ona. Hawakuchukua muda. Nthambi aliwasikia wakisema "kwa kinywa chake mwenyewe" na "mwanamume kusema hivyo mbele ya watu", na akaelewa kwamba wamekubali, na akaelewa pia wamekubali nini.

Alingoja furaha ije. Kitengo ni chake. Siku mbili za upasuaji, chombo cha kuchanganyia dawa, jina mlangoni. Aliyataka na ameyapata, na akina mama wangeyapata. Badala ya furaha ulikuja uchovu, ukamkalia mabegani palepale pa kila siku.

Mzee Masila alinyoosha mgongo, akavaa miwani, akakohoa. Alikuwa ameguswa, hata macho yalikuwa na unyevu. Nthambi aliketi hatua mbili tu kutoka kwake, mikono mapajani. Lakini mzee alimgeukia mwingine.

"Daktari Justus, umefanya kitu cha kiume. Wengine wasingefanya. Basi mwambie." Alionyesha kwa kalamu upande wa Nthambi, bila kuugeukia. "Mwambie tumemkubali."

Justus alikuwa amegeuka mwekundu hadi masikioni, kadiri mtu mweusi awezavyo, na alimtazama Nthambi kama mtoto aliyetumwa dukani kwa kitu asichojua kukitaja.

Nthambi aliinuka. Alichukua koti lake jeupe kwenye mgongo wa kiti, akalivaa mkono mmoja, kisha wa pili, akalifunga vifungo vyote.

"Justus," alisema, "mwambie mzee nimesikia. Na mwambie sitakaa kunywa chai. Nina mgonjwa."